MAONI YETU: LINUX ITANGAZWE REDIONI, TENA KWA LUGHA ZA NYUMBANI



Katika mkutano mkuu wa wajumbe unaokuja italetwa hoja ambayo imekwisha kuzua maneno mengi katika matawi. Hoja yenyewe ni fupi. Yataka sehemu ya fedha za elimu ya wanachama itumiwe kununua nafasi za matangazo katika stesheni za redio za lugha zetu, ili watu wajulishwe ya kuwa iko programu ya kuendesha kompyuta isiyolipiwa leseni, nayo yaitwa Linux. Wako wajumbe wanaosema hili ni jambo la maana. Wako wengine wanaocheka na kuuliza tangu lini chama cha wafanyakazi kikawa wakala wa kompyuta. Sisi twaiunga mkono hoja hii, lakini kwa masharti, na twapenda kueleza sababu zetu mapema ili wajumbe wasije mkutanoni mikono mitupu.

Tuanze na jambo lililotufikisha hapa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza kuitunza Windows 10, programu iliyotolewa mwaka 2015 na ambayo imo katika kompyuta nyingi za makarani, maduka, shule na nyumba za wanachama wetu. Kompyuta hazikuzimika siku ile, na ndiyo maana watu wengi hawakushtuka. Lakini tangu siku ile, tundu jipya likionekana katika programu hiyo, tundu ambalo mwizi aweza kupitia, mwenye programu halizibi tena bure kama zamani. Waliotaka kuendelea kutunziwa kompyuta zao za nyumbani walipewa nyongeza ya mwaka mmoja, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa masharti mengine ya kampuni. Kwa makampuni na vyama bei ilikuwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na kila mwaka unaofuata bei huongezwa mara mbili, mpaka miaka mitatu. Karani wa tawi ambaye kompyuta yake hushika majina ya wanachama, namba zao za simu na hesabu ya ada, huyo ajua mwenyewe ni nini kitakachopotea mwizi akiingia.

Dawa waliyoitoa ni Windows 11. Lakini hiyo haikubali kuingia katika kompyuta yo yote tu. Yataka kifaa fulani cha usalama ndani ya mashine, na kwa jumla yakataa mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Sasa tujiulize, wanachama wetu hununua kompyuta gani? Hununua za mtumba, zilizokwisha kutumiwa miaka minne au mitano Uingereza au Dubai, zikaja hapa zikauzwa Nairobi, Mombasa na Kisumu, mara nyingi kwa malipo ya kila mwezi. Mtu bado hajamaliza kulipa deni lake aambiwa ya kuwa mali yake imekwisha kufa. Skrini ni nzima, herufi zote zafanya kazi, yawaka kila asubuhi, lakini ati itupwe.

Tumepata barua ya mwanachama mmoja, karani wa bohari, iliyotusikitisha sana. Alikwenda duka moja la kompyuta mjini kwake, jina la duka hatulitaji, akaomba msaada. Akauziwa namba za kufungulia programu zikiwa zimeandikwa nyuma ya risiti. Baada ya wiki chache kompyuta ikamwandikia ya kuwa programu yake si halali. Alirudi dukani akaambiwa alipe tena. Ndugu huyu amelipa mara mbili kwa kitu ambacho bado si chake, na juu ya hayo amejitia katika hatari ya sheria, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huzihesabu programu za kompyuta pamoja na maandishi, na kuuza nakala za wizi ni kosa. Hakuna mtu aliyemwambia ya kuwa kulikuwa na njia ya tatu. Yeye asikiliza redio kutwa nzima pale bohari, na redio haikumwambia lo lote.

Sasa Linux ni nini? Kila kompyuta yahitaji programu moja kubwa ya kuiendesha, ambayo programu nyingine zote hukaa juu yake. Windows ni moja ya hizo. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kazi ya kuandika programu ambazo kila mtu aweza kuzitumia, kuzichungua ndani, kuzibadilisha na kumpa mwenzake nakala. Akaziandikia leseni inayosema ya kuwa ukiibadilisha programu na kuitoa kwa wengine, huna ruhusa kuwanyima wao haki zile ulizopewa wewe. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha programu ya kuendesha kompyuta, kisha mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo hiyo. Kazi hizo mbili zilikutana, na maelfu ya watu wa nchi nyingi wakaendelea kuzitengeneza mpaka leo. Hizi ndizo Waswahili wazitazo programu huria.

Asije mtu akafikiri ya kuwa hiki ni kitu cha majaribio. Simu za Android, ambazo wengi wetu tunazo mfukoni wakati huu, zaendeshwa na kiini hicho hicho cha Linux. Kompyuta 500 zenye nguvu kupita zote duniani huandikwa katika orodha mara mbili kila mwaka, na tangu Novemba 2017 zote 500 zilizomo katika orodha hiyo zatumia Linux. Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza mwaka 2008 kuitia katika kompyuta zao za ofisini, na leo ni makumi ya maelfu. Hata Afrika tuna sehemu yetu: mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha namna ya Linux aliyoiita Ubuntu, neno ambalo msomaji wa Kiswahili halimpi taabu, maana ni utu. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2011, ulikuwa ukiandika anwani yako wakuletea diski yake kwa posta bila malipo, hata ungekuwa Lodwar.

Basi ikiwa kitu chenyewe ni chema namna hii na hakina bei, mbona bohari nzima haijapata kukisikia? Hapa ndipo penye kiini cha hoja, na twaomba wajumbe wapatazame vizuri. Tangazo hulipiwa na mtu anayetazamia kupata faida. Kampuni ya bia hulipa redio kwa kuwa itauza bia. Kampuni za kamari hulipa kwa kuwa zitakula mshahara wa kijana kabla haujafika nyumbani. Microsoft hulipa kwa kuwa inauza leseni. Lakini kitu kilicho mali ya watu wote hakina mwenyewe wa kwenda stesheni na hundi mkononi. Muuza duka naye hana sababu ya kukitaja, kwani akikutilia Linux leo hatakuuzia kompyuta nyingine kesho. Kwa hiyo chema hiki chanyamaza, na kitaendelea kunyamaza mpaka wale wanaofaidika nacho wakubali kuchanga.

Kuchanga si jambo geni kwetu, wala si geni kwa watu wa programu huria. Mwaka 2004, programu ya kusomea intaneti iitwayo Firefox ilipotolewa, wapenzi wake walichanga fedha kidogo kidogo, na tarehe 16 Desemba mwaka ule wakanunua kurasa mbili za gazeti la New York Times. Katika ukurasa mmoja wakapiga chapa majina ya wachangaji, maelfu kwa maelfu, kwa herufi ndogo sana. Mtu ye yote aliyewahi kusimamia mchango wa harambee atajua kwa nini walifanya hivyo.

Lakini iko hadithi ya pili, nayo yafaa kusikiwa na wale wanaodhani ya kuwa tangazo lo lote ni tangazo. Mwaka 2007 wapenzi wa Linux wa Marekani walichanga tena, safari hii ili picha ya pengwini, ambaye ndiye alama ya Linux, ibandikwe juu ya gari moja katika mashindano makubwa ya Indianapolis. Gari likagonga ukuta mapema na kuhesabiwa la mwisho. Hata kama lingeshinda, sisi twauliza: mama anayetazama mashindano aona pengwini akipita kwa kasi, kisha afanye nini? Picha ile haikumwambia Linux ni kitu gani, wala haikumwambia aende wapi. Fedha za wafanyakazi zisitumiwe namna hiyo.

Redio yaweza kusema yale ambayo pengwini hakuweza kusema. Tangu mwaka 2000, Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikuyu, nchi yetu imejaa stesheni za lugha za nyumbani: Ramogi kwa Wajaluo, Musyi kwa Wakamba, Mulembe kwa Waluhya, na nyingine nyingi. Pwani iko Pwani FM. Mitaani Nairobi ziko redio ndogo za jamii, kama Koch FM ya Korogocho iliyoanza mwaka 2006 na Pamoja FM ya Kibera iliyoanza mwaka 2007. Sauti hizo zaingia katika matatu, jikoni, kinyozi, kiwandani zamu ya usiku. Ndugu mmoja wa halmashauri ametuambia ya kuwa siku hizi habari zote zapita WhatsApp, basi redio ya nini. Tumemjibu hivi: kikundi cha WhatsApp cha chama chafikisha habari kwa wale ambao tayari wamo katika kikundi. Mwenye saiba ya kompyuta sita kule Mwingi hamo, mwalimu mkuu wa shule ya msingi hamo, na mke wa mwanachama ambaye ndiye mwenye kuishika kompyuta ya nyumba huenda naye hamo.

Tena kuna jambo la lugha. Mwezi wa Desemba 2004, wataalamu waliokuwa wakifanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya kuandikia barua na hesabu, OpenOffice, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima kubwa. Waulizeni wanachama kumi wa tawi lenu ni wangapi waliopata kuisikia. Tafsiri bila mpiga mbiu hukaa kabatini. Na mpiga mbiu akija na Kiingereza cha kompyuta, yule aliyelengwa atageuza stesheni atafute rumba.

Sasa masharti yetu.

Sharti la kwanza ni mahali. Tangazo lisipigwe hata mara moja kabla tawi halijawa tayari. Kuwa tayari maana yake ni chumba, meza, umeme, vijana wawili au watatu waliokwisha kufundishwa kazi ya kutia Linux, na siku inayojulikana. Sisi twapendekeza kila Jumamosi asubuhi. Mtu akisikia redio Jumatano, akatoka na kompyuta yake Jumamosi, akakuta mlango umefungwa, hatarudi, na atawaambia jirani zake ya kuwa Linux ni uwongo. Vijana hao walipwe. Wako watoto wa wanachama waliosomea kazi hii katika vyuo vya ufundi na wamekaa nyumbani. Shilingi ambayo ingekwenda ng'ambo kwa leseni na ipate kuwa posho ya kijana wa Nakuru. Kwa hiyo fedha za hoja zigawanywe, na sehemu iliyo kubwa iende kwa meza ya Jumamosi. Hoja kama ilivyoandikwa yaitia fedha yote katika redio, nasi twaomba irekebishwe kabla ya kupigiwa kura.

Sharti la pili ni kusema kweli. Linux haiponyi kila kitu. Ziko programu za hesabu zilizoandikwa kwa Windows tu, na mwenye kuzitegemea kwa kazi ya mwajiri wake asidanganywe. Ziko printa zinazokuwa wakaidi. Barua iliyoandikwa kwa Word ikifunguliwa kwa LibreOffice, ambayo ndiyo programu ya kuandikia inayokuja pamoja na Linux nyingi, mara nyingine mistari husogea. Kazi ya eCitizen na barua za intaneti haina shida. Haya yote yasemwe mezani, uso kwa uso, kabla ya kijana kugusa mashine ya mtu. Na jambo la kwanza kabla ya yote ni kunakili kazi za mwenyewe katika flashi, maana atakayepotezewa picha za harusi yake hatasikia neno jingine.

Wapinzani wa hoja wamekuwa wakiutaja mji wa Munich, Ujerumani, nao wana haki ya kuutaja. Baraza la mji ule liliamua mwaka 2003 kuacha Windows na kuingia Linux, ingawa mkubwa wa Microsoft wa siku zile, Steve Ballmer, alisafiri mwenyewe kwenda kumwona Meya Christian Ude ili amgeuze nia. Kwa miaka kumi walihamisha maelfu ya kompyuta. Kisha mwaka 2017 baraza jingine likapiga kura kurudi Windows. Watu husema ya kuwa Linux ilishindwa. Sisi twaona ya kuwa makarani wa mji walikuwa na manung'uniko ya kweli, mengine yakitokana na programu na mengine yakitokana na jinsi kazi ilivyopangwa, na meya aliyekuja baadaye hakuipenda kazi iliyoanzishwa na mwenzake. Karani akiachwa peke yake na mashine asiyoizoea, ataichukia hata ingekuwa ya dhahabu. Ndiyo sababu tumeweka meza mbele na redio nyuma.

Na wale wanaosema ya kuwa kazi ya chama ni mishahara, basi hayo mengine tuwaachie mafundi? Twakubali ya kuwa mishahara ndiyo kazi ya kwanza. Lakini mshahara huhesabiwa pia kwa kile kinachotoka. Mwanachama anayepandishiwa kidogo mezani kwa waajiri, kisha akanunua kompyuta ya pili kwa sababu ya kwanza ilihukumiwa kufa na mtu wa mbali, huyo hakupandishiwa kitu. Tena chama chenyewe kina kompyuta katika matawi yake yote, na mweka hazina atawaeleza wajumbe itakuwaje tukinunua zote upya. Taarifa hii mnayoisoma imeandikwa kwa LibreOffice juu ya Linux Mint, katika kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2013 ambayo Windows 11 yaikataa. Kama herufi hazionekani vizuri, laumuni mashine ya kutolea nakala, ambayo ni jambo la mkutano mwingine.

Ili wajumbe wasipige kura gizani, tumeandika mfano wa tangazo. Halizidi dakika moja likisomwa bila kukimbia.

MUME: Mama Njeri, hii kompyuta naiuza. Fundi asema imekufa.
MKE: Imekufaje, na jana mtoto aliandikia kazi ya shule?
MUME: Yawaka, lakini programu yake haitunzwi tena. Ati tununue nyingine.
MKE: Ikiwa ni programu, tubadilishe programu. Iko moja yaitwa Linux. Haina leseni ya kulipia. Karani wa chama alitiliwa Jumamosi.
MUME: Na kazi zangu zilizomo?
MKE: Utazinakili kwanza katika flashi. Twende tukaulize kabla hujauza.
SAUTI: Ofisi ya tawi la chama, kila Jumamosi, saa tatu asubuhi mpaka saa saba. Njoo na kompyuta, waya wake, na flashi.

Mtaona ya kuwa neno "bure" halimo. Tumeliacha kwa makusudi. Watu wetu wameumwa na vya bure vingi redioni, na wakilisikia hukaza mkono juu ya mfuko. Pia hatukuitukana kampuni yo yote, kwanza kwa sababu ya sheria, na pili kwa sababu mwenye kompyuta hataki kusikia ugomvi, ataka kompyuta yake.

Kila tawi na liandike tangazo hili upya kwa lugha ya watu wake, wala lisitafsiri neno kwa neno. Mama Njeri hafai Kisumu, na Mombasa watu hawatazungumza namna hii. Makatibu wa matawi waulize bei katika stesheni zao na kuzileta mkutanoni zikiwa zimeandikwa: bei ya alfajiri, watu wakienda kazini, bei ya mchana, bei ya jioni, na bei ya kurudiwa wiki nne. Msikubali bei ya kwanza. Ulizeni pia kama stesheni yaweza kutoa nafasi ya mazungumzo ambamo wasikilizaji hupiga simu, kwani nusu saa ya maswali huenda ikafaa kuliko matangazo ishirini. Redio za jamii zina masharti yao juu ya matangazo katika leseni zao, basi waulizwe kwanza.

Matawi yatakayopenda kuanza kabla ya mkutano, kwa fedha yao wenyewe, hayazuiliwi. Yatuandikie yana meza ngapi na vijana wangapi. Na tawi lililo na mwanachama mwanamke mwenye sauti nzuri na asiyeogopa kipaza sauti, lilete jina lake kwa katibu mkuu. Wanaume wa kusoma tayari wamejitolea tisa.